Taa ya Chumba Namba Nane

Mita ya marehemu ilikuwa inakula umeme.

Sajenti Loreta Furlan aliisogelea, akafuta ukungu kwenye kioo chake kwa kidole gumba, akaitazama tena. Taa ndogo nyekundu ilikuwa inapepesa haraka haraka, kama jicho lililoingia mchanga, na tarakimu ya mwisho ikabadilika huku anaangalia. Juu ya mita hiyo mtu alikuwa ameandika namba 1 kwa brashi na rangi nyeupe. Chumba namba moja. Chumba cha mzee Feleti Vaipulu, ambaye tangu Jumanne alikuwa kwenye jokofu la hospitali ya Mildura, anatumia umeme wa serikali.

"Pike! Nani kaingia chumba namba moja?"

"Hajaingia mtu, Sajenti." Konstebo Pike alitokea kwenye kona ya jengo akipuliza viganja vyake. "Utepe wetu upo, kufuli letu lipo, ufunguo ninao mimi. Labda mzee karudi kuchemsha chai."

"Chai hiyo ingemfaa Jumatatu usiku."

Pike akaacha kupuliza viganja.

Walikuwa nyuma ya moteli ya zamani, ile iliyofungwa barabara kuu ilipohamishwa, ikakaa miaka inanyeshewa, mpaka Graeme Tuckwell akainunua na kuwapangisha Watonga, watu wa visiwa vya mbali, wanaokuja Robinvale kupogoa mizabibu na kuchambua lozi. Vyumba vinane mstari mmoja, milango yote inatazama mbele, varanda moja ndefu. Nyuma hakuna mlango wala dirisha, ila madirisha madogo ya bafu, na katikati ya ukuta sanduku la chuma lenye mita nane na swichi nane, zimepigwa namba kwa ile rangi nyeupe, kuanzia kushoto, moja mpaka nane.

Mzee Feleti alikutwa sakafuni asubuhi ya Jumanne. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi dhidi ya baridi, na kando ya kitanda lilikuwepo beseni la bati lenye majivu ya mkaa, ule mkaa wa kuchomea kondoo siku za sikukuu. Daktari hakuchukua muda: hewa ya mkaa. Alikuwa amelala nayo chumba kimoja. Na kisa cha kuingiza mkaa ndani kilikuwa ukutani: unabonyeza swichi ya taa, kimya. Hita, kimya. Chumba hakikuwa na umeme.

Basi mji ukahukumu. Robinvale mtu akikohoa mtaa wa juu, mtaa wa chini wanamtafutia dawa, na habari hii haikungoja Jumatano. Kila mtu alijua mzee alikuwa akimpa bintiye, Kalolaine, pesa ya umeme kila akilipwa. Na kama umeme ulikatwa, maana yake pesa haikufika. Wengine walisema Kalolaine kaitia kwenye mashine za kamari pale klabuni. Wengine walimzulia bwana wa mji wa Swan Hill ambaye hata jina hawakulijua. Kalolaine alionyesha malipo kwenye simu yake, mbele ya akina mama wa kanisa, na shangazi yake Ilaisaane, dada wa marehemu, akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Simu inaandika unachotaka. Giza haliandiki uongo."

Neno la Ilaisaane halikuwa na rufaa. Kwenye msiba wa kaka mtu, dada ndiye mkubwa. Yeye ndiye anayeamua nani akae wapi, nani ale nini, na yeye ndiye anayeshika mkasi kuwakata nywele watoto wa marehemu kabla mwili haujaletwa. Mwili ulikuwa unaletwa jioni ile ile. Na Ilaisaane alikuwa amesema mkasi wake hautamgusa Kalolaine.

Kwa hiyo Kalolaine alikuwa ameketi nje ya geti, juu ya kreti la zabibu lililogeuzwa, nywele zimemfika kiunoni. Loreta alipopita asubuhi alimkuta pale pale.

"Ingia kwenye gari upate joto," Loreta alimwambia.

"Nikiingia kwenye gari la polisi watasema nimekamatwa."

"Basi chukua koti."

"Sajenti, mimi sitaki koti. Nataka nikatwe nywele zangu. Nisipokatwa leo, kesho baba anazikwa kama mtu asiye na mtoto." Hakulia. Alikuwa ameshamaliza kulia. "Nililipa. Haki ya Mungu nililipa."

Na kweli alilipa. Loreta alikuwa ametoka kuzungumza na kampuni ya umeme, baada ya kusikiliza muziki wao mpaka chai yake ikapoa. Msichana wa upande wa pili alikuwa na sauti ya mtu anayesoma. Akaunti ya Bwana Vaipulu, chumba namba moja, haina deni. Haijawahi kukatwa. "Kwa rekodi zetu, chumba hicho kina umeme hata sasa hivi tunavyoongea."

Loreta alikuja kuutazama uongo huo kwa macho yake. Badala yake mita ilikuwa inamuunga mkono yule msichana.

"Chumba ni giza," Pike alisema, "na mita iko hai. Kuna mtu kamnyonya mzee. Kavuta waya juu kwa juu."

"Nani wa jirani anajua waya?"

"Namba mbili. Paea. Jokofu likiharibika mji huu wote unamwita yeye."

Paea Fotu alifungua mlango akiwa na fulana na sarawili ya kulalia, macho mekundu. Alikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha lozi.

"Sajenti, kama ni kuhusu kava ya Jumamosi, tulikunywa kidogo tu, tulikuwa tunaimba nyimbo za dini."

"Ni kuhusu dari yako."

"Dari yangu?" Akainua uso juu kana kwamba ndiyo kwanza anagundua anayo.

Pike alikwishapanda juu ya kiti na kusukuma kigae cha dari. Kichwa na tochi vikapotea juu, miguu ikabaki. Loreta hakumwangalia Pike. Alimwangalia Paea.

"Jumatatu usiku ulikuwa wapi?"

"Kazini. Muulize msimamizi. Ningekuwa hapa, mzee asingelala kwenye baridi. Angegonga ukuta huu, mara mbili, kama anavyogonga akitaka sukari, ningemleta alale hapa." Akaugusa ukuta. "Mara mbili tu."

"Umewahi kuunganisha waya wowote jengo hili?"

"Mimi? Kwa kibali hiki nilicho nacho? Nikigusa waya wa Tuckwell, kesho yake niko uwanja wa ndege na begi langu. Mwajiri wangu na Tuckwell wanakunywa meza moja."

"Sijasema Tuckwell."

"Jengo ni la nani, Sajenti? La bibi yangu?"

Pike akashuka, nywele zimejaa tandabui. "Hakuna kitu. Buibui wamejenga mji mzima huko juu na hakuna waya uliokatiza. Hakuna aliyepita miaka."

Loreta akaandika. Hakuna wizi wa waya. Ila Paea alikuwa amefanya kitu kimoja ambacho Loreta alikiona: kila neno waya lilipotajwa, macho yake yalikwenda kwenye ukuta wa nyuma, kisha sakafuni.

"Paea. Unajua kitu kuhusu lile sanduku."

"Mimi mchambua lozi."

"Mzee wa watu amekufa. Binti yake yuko nje ya geti."

Paea alijikuna shingo, akautazama ukuta wa kushoto, ule wa mzee. "Muulize mwenye nyumba," alisema mwisho.

"Nimuulize nini?"

"Wewe muulize. Halafu mimi unikute nimelala."

Akafunga mlango taratibu, kwa adabu.

Walirudi nyuma. Ukungu wa mto ulikuwa haujaondoka, na ilikwishapita saa sita mchana. Kutoka mwisho kabisa wa jengo, upande wa mtoni, kilisikika kibwagizo cha wimbo wa msiba, sauti nene za wanaume chini na akina mama juu yake. Chumba namba nane, kwa Ilaisaane. Dirisha la bafu lake lilikuwa linatoa mvuke kama meli. Masufuria ya umeme yalikuwa yanachemka huko, harufu ya majimbi na nyama ya kondoo ilikuwa imeenea mpaka kwenye sanduku la mita.

Loreta alisimama akinusa. Kisha akaitazama mita iliyoandikwa namba nane.

Haikupepesa. Kioo chake kilikuwa na neno moja tu: imekatwa.

"Pike."

"Naiona."

"Nani alikuja kuikata?"

"Siku hizi haji mtu, Sajenti. Wanabonyeza kitufe huko Melbourne."

Loreta akapiga picha mita, akapiga picha mvuke dirishani, kisha akapiga tena kampuni. Alipata sauti nyingine, ya mwanaume, yenye mafua. Ndiyo, akaunti ya Bibi Ilaisaane Vaipulu, chumba namba nane. Barua za onyo zilitumwa. Hakuna malipo tangu msimu wa mavuno. Umekatwa Jumatatu alasiri.

"Chumba namba nane wanapikia watu sitini sasa hivi," Loreta alisema.

"Haiwezekani, bibi. Hakina umeme."

"Kutwa nzima mnaniambia chenye umeme hakina, na kisicho na umeme kinao." Akakata simu. "Pike, nenda mbele. Simama katikati ya varanda, simu sikioni. Utaniambia unachosikia."

"Unataka kufanya nini?"

"Ninamzimia marehemu umeme."

Pike akaenda. Loreta akasubiri mpaka aliposikia pumzi zake kwenye simu, akashika swichi ya namba moja, akaishusha.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Halafu sauti za akina mama, "Oiauee!", kifuniko cha sufuria kikaanguka, mtoto akaanza kulia.

"Sajenti!" Pike alikuwa anaongea kwa kunong'ona. "Chumba cha mwisho. Namba nane. Wako gizani, mapazia yote yamefungwa, wanatoka nje wanakanyagana."

"Namba moja?"

"Kama kawaida. Kaburi."

Akaipandisha namba moja, akashusha namba mbili. Kwenye simu akamsikia Pike anatembea.

"Redio imezima. Chumba namba saba."

"Siyo namba mbili?"

"Paea anakoroma, au anajifanya. Hita yake inanguruma."

Namba tatu ikazima sita. Namba nne ikazima tano. Hakuhitaji kuendelea. Alirudi hatua chache nyuma, akautazama ukuta wote kwa urefu. Barabara ilikuwa kulia kwake. Mbele, mtu akiitazama milango, barabara iko kushoto, na chumba namba moja ndicho kilicho karibu na barabara. Fundi wa zamani alikuwa amepanga mita kama vyumba vilivyo nyuma ya ukuta huu, cha barabarani kulia, cha mtoni kushoto. Kisha akaja mtu na kopo la rangi, akasimama hapa hapa aliposimama yeye, akaanza kuhesabu kutoka kushoto kana kwamba amesimama mbele.

Jengo zima lilikuwa limegeuzwa kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Wa kwanza analipia wa mwisho. Wa mwisho analipia wa kwanza.

Na wa kwanza na wa mwisho walikuwa kaka na dada.

Tuckwell alifika kwa pikapu nyeupe, na boksi la mikate ya nyama kwenye kiti cha mbele. Alikuwa mtu mnene, mwenye mashavu ya kupigwa na upepo, na aliibeba mikate ile mbele yake kama mtu anayebeba udhuru.

"Nimewaletea wafiwa," alisema. "Vipi Loreta? Baba yako mgongo wake?"

"Unamuuma. Weka mikate chini, Graeme."

"Nimesikia mmezimazima taa. Watu wako kwenye msiba."

"Nani aliwafungulia wapangaji wako akaunti za umeme?"

"Mimi. Kwa wema tu. Kiingereza chao unakijua. Ningewaacha wapige simu wenyewe, mpaka leo wangekuwa kwenye foleni. Nikakusanya majina, nikapiga, nikawasomea kampuni namba za mita, mmoja mmoja. Imekwisha."

"Uliwasomea namba za mita gani kwa chumba gani?"

"Zimeandikwa."

"Aliyeziandika nani?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Sijui, Loreta. Fundi. Watu wanakuja wanaondoka."

Loreta akageuka kwenye banda la vifaa, ambalo mlango wake ulikuwa umeandikwa OFISI. Herufi nyeupe, brashi ile ile iliyochakaa upande mmoja, ikiacha kijistari chembamba kando ya kila mstari. Alitazama mlango, akamtazama Tuckwell, akatazama mlango.

"Sawa, niliandika mimi," Tuckwell alisema. "Kwani kuandika namba ni kosa?"

"Umeandika kinyume."

"Basi nimekosea. Binadamu. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Yupo aliyekuambia."

"Nani kakwambia hivyo? Paea?"

Pike, aliyekuwa anaandika, akasimamisha kalamu.

"Wapangaji wako wanane, Graeme," Loreta alisema. "Na ndugu zao. Sijamtaja mtu."

Mashavu ya Tuckwell yalibadilika rangi kidogo kidogo, kuanzia shingoni. "Yule ana mdomo. Nilikuja kiangazi kubadilisha swichi kwake, nikamzimia mwenzake wa namba saba. Akaanza kunifundisha kazi. Mzee namba zako zimegeuka, mzee hivi, mzee vile."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba kama haipendi nyumba, ndege zipo."

"Na hukuzirekebisha."

"Nilisema msimu ukiisha."

"Brashi na kopo la rangi. Robo saa."

"Siyo rangi!" Akapunguza sauti. "Ukibadilisha namba, lazima akaunti zibadilishwe. Ukibadilisha akaunti, kampuni inaleta mkaguzi. Mkaguzi akifungua ukuta huo ataona..."

"Ataona nini?"

Pike akamjibia. "Ataona waya ulizotandika mwenyewe, na atafunga jengo lote."

Upepo ulitikisa boksi la mikate. Loreta alitoa kutoka mfukoni mfuko wa plastiki wenye simu ndogo ya bei rahisi, kioo kimepasuka.

"Hii ni ya mzee Feleti. Jumatatu jioni alipiga kampuni. Wakamwambia hana deni, umeme wake upo, aangalie swichi. Halafu akakupigia wewe. Mkaongea. Ulimwambia nini?"

"Sikumbuki."

"Kumbuka."

"Nilikuwa klabuni. Kelele." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Alisema taa imezima. Nikamwambia alipe bili yake."

"Akasema?"

"Akasema amelipa. Mwanangu amelipa, amelipa, anarudia hilo tu."

"Na wewe ulijua kwamba aliyelipa siye anayewashiwa."

Tuckwell aliitazama ile simu. "Ilikuwa baridi ya kawaida," alisema. "Nani angejua atawasha mkaa?"

"Pike, andika hilo neno kwa neno. Graeme, utakwenda na konstebo kituoni. Piga simu kwa wakili wako, na ongea naye mahali pasipo na kelele."

Alipokuwa anapandishwa garini, mlango wa chumba namba mbili ulifunguka upana wa jicho, kisha ukafungwa.

Ilaisaane alikuwa ametoka, amesimama peke yake mwisho wa varanda. Mwanamke mrefu, mweusi tititi kwa nguo za msiba, mkeka mzuri wa kale, alama ya ukubwa wake msibani, umefungwa kiunoni kwa kamba. Akina mama wengine walikuwa wamerudi nyuma, wakijidai wanashughulika na masufuria, masikio yote huku.

"Wewe ndiye umetuzimia taa," alisema. "Tukiwa tunamwombea."

"Mimi, mama. Naomba radhi. Naweza kukuuliza kitu?"

"Uliza."

"Barua za kampuni ya umeme zilikufikia?"

Ilaisaane hakugeuza kichwa.

"Zilifika."

"Ulizilipa?"

"Mwaka huu tulikuwa na sadaka kuu. Kila familia inaitwa jina mbele ya kanisa na inataja inachotoa. Nilitoa. Barua nikaziweka chini ya godoro. Ya kwanza walisema watakata, hawakukata. Ya pili vile vile. Jumatatu walisema ndiyo siku. Nilikaa nikaitazama taa mpaka usiku. Haikuzimika." Kidevu kilipanda kidogo. "Nikapiga magoti nikashukuru. Nikasema Mungu ameiona sadaka yangu."

Loreta alimweleza. Hakutumia maneno mengi. Sanduku, namba, brashi, kushoto na kulia. Alimweleza kwamba tangu siku ya kwanza pesa ya Feleti ilikuwa inawasha chumba namba nane, na kwamba Jumatatu alasiri kampuni ilipokata umeme wa namba nane, aliyebaki gizani ni Feleti.

Ilaisaane alisikiliza bila kupepesa. Loreta alipomaliza, yeye akauliza swali moja.

"Hita yangu. Usiku ule iliwaka?"

"Mita inasema iliwaka mpaka asubuhi."

"Niliiwasha ya juu kabisa. Magoti yalikuwa yananiuma." Akatazama mikono yake. "Angekuja kwangu. Mtu yeyote mwingine angekuja kwangu. Kaka haingii anapolala dada yake, Sajenti. Tangu wadogo. Tulipokuja hapa bwana yule alitupa vyumba vya jirani, tukakataa. Kaka akasema, nipe cha kwanza na dada yangu mpe cha mwisho, nisije nikamsikia hata akikohoa. Ndiyo heshima yetu. Tulichagua wenyewe."

Loreta akafunga daftari.

Ilaisaane akaingia ndani. Alitoka na mkasi. Kisha akaanza kutembea kwenye varanda, kutoka namba nane, akapita saba, akapita sita. Akina mama walimfuata kwa macho kwanza, halafu kwa miguu, na masufuria yakaachwa. Hakuna aliyewahi kumwona akivuka katikati ya varanda ile. Siku zote alizunguka nje, kwa uani. Alipita namba mbili. Mbele ya mlango wa namba moja, penye utepe wa polisi, alisimama. Hakuugusa.

"Kalolaine!"

Yule binti alisimama kutoka kwenye kreti kama aliyeshtuliwa usingizini. Akaja mpaka getini, akaishia hapo, kwa sababu ndipo alipokatazwa kupita.

"Nimesema ingia."

Aliingia. Alipofika akapiga magoti kwenye saruji, kichwa chini, kama inavyompasa mtoto wa marehemu mbele ya shangazi. Na Ilaisaane akasema kwa sauti ile ile ya kusikika mpaka barabarani, kwa sababu aliyoyasema siku ile aliyasema hivyo.

"Nilisema huyu alikula pesa ya baba yake. Pesa ya baba yake nimeila mimi. Nimeiotea moto. Huyu alilipa. Kila mtu asikie, na ambaye hayupo aambiwe: huyu alilipa."

Mzee mmoja wa kanisa alivua kofia.

Mkasi ulikuwa wa kushonea, mkubwa. Alikata. Nywele za Kalolaine ziliangukia saruji mafungu mafungu, mazito, na kila fungu likianguka mabega ya binti yalikuwa yanashuka kidogo, mpaka shingo yake ikabaki wazi kwenye baridi.

Ilaisaane hakuurudisha mkasi mfukoni. Akafungua kamba kiunoni, akauvua ule mkeka mzuri, akauweka mikononi mwa Kalolaine. Halafu akashika fundo la mvi kisogoni mwake mwenyewe.

"Shangazi, hapana!" Kalolaine alimshika kifundo cha mkono. "Wewe ndiye mkubwa wa msiba. Hukatwi wewe. Haijawahi kutokea."

"Niachie."

"Shangazi."

"Mtoto. Niachie mkono."

Akamwachia.

Loreta alikuwa amekwishazunguka nyuma ya jengo. Mkaguzi alikuwa njiani kutoka Mildura, na sanduku lilipaswa kufungwa na kutiwa muhuri wa polisi, kila swichi kama ilivyokutwa. Aliiangalia ile iliyopigwa namba moja. Taa nyekundu bado ilikuwa inapepesa, haraka haraka. Kwenye chumba namba nane hita ilikuwa inawaka na hapakuwa na mtu ndani.

Kutoka mbele alisikia mkasi ukikata, mara moja.